Mwaka Niliopewa na Papa Mukwe

Jina lake sitalitaja. Si kwamba nimelisahau, wala simuonei haya. Kwetu sisi watu wa milima ya Masisi, muke hataji jina la baba wa bwana yake, basi. Ukiolewa, jina lile linatoka mudomoni mwako siku ileile na halirudi, hata yeye akifa. Wasichana wa siku hizi wanacheka wakisikia hivyo. Wacheke. Mimi jina lile lilininyang'anya kitu ambacho hakuna mutu aliyenirudishia, kwa hiyo kunyamaza kwangu nina haki nako. Nitamuita nilivyomuita siku zote: Papa Mukwe.

Alikuwa mutu murefu, mukavu, na koti la sufu la rangi ya kahawia alilovaa masika na kiangazi, hata jua likichoma mawe ya Munigi, tulipokaa, mupaka huwezi kuyakanyaga. Koti lile alilipata kwa Muzungu mumoja mwenye shamba la kahawa, akampa ndama, na mupaka uzeeni alipenda kusema kwamba Muzungu ndiye aliyepunjwa. Vifungo alivifunga vyote, hata kile cha shingoni. Hatukumuona akila, hata siku moja. Wazee wa ng'ombe ndivyo walivyokuwa, kula mbele ya watu ni aibu, tena mbele ya muke wa mwana wake, usiseme. Alijifungia ndani na chungu cha maziwa ya kuganda, akatoka anajipangusa, akasema muzee kama yeye chakula anakitafutia nini, watoto wale. Chungu nilikiosha mimi. Kilikuwa kimerambwa kabisa.

Munigi aliichukia. Pale ni mawe meusi tu ya mulima uliotapika zamani. Ukitaka shamba unabeba udongo kwenye kitunga, unaujaza kati ya mawe, unapanda maharagwe yako machache. Maji ni kushuka mupaka ziwani na kupanda tena. Kila kiangazi alisema atarudi Masisi kwa ng'ombe wake, alikowaacha kwa ndugu yake, kwa sababu mutu mwenye akili hawezi kukaa mahali ambapo hata majani yanaogopa kuota. Kiangazi kikapita, na yeye yuko pale pale mulangoni, kiko mudomoni, anatukana mawe. Mama Mukwe alikuwa amezoea. Mimi sikuzoea.

Na hakusema na mimi. Namaanisha hakunielekezea maneno. Hiyo nayo ni heshima ya kwetu, baba mukwe na muke wa mwana wake hawabishani macho kwa macho, lakini yeye heshima ile aliigeuza fimbo. Kila kitu kilipita kwa Mama Mukwe. Mimi niko naanika nguo, yeye yuko mulangoni, kati yetu ukitema mate yanafika, naye anasema:

"Mwambie yule mvua inakuja."

Mama Mukwe anachambua maharagwe, hata kichwa hainui. "Umesikia."

"Nimesikia, Mama. Mwambie Papa nguo bado ni mbichi."

"Mwambie mvua haitazikausha."

Hivyo, kutwa nzima. Na jibu likimukera, alikuwa anasema hajasikia kitu, kwa sababu Mama Mukwe bado hajamuambia. Nilitamani kutupa nguo zote kwenye mawe na kurudi kwa mama yangu.

Lakini sikuweza kurudi, na hapo ndipo maneno yote yanapoanzia. Bwana yangu alikufa kwa ugonjwa wa kifua wakati binti yetu hajaanza hata kung'oa meno ya utoto. Kwa desturi, mudogo wake aliyekaa Kibati ndiye angenichukua. Alikuwa na muke tayari, muke muzuri tu, hajanikosea kitu, na mimi nikasema sitaki. Padri naye akasema haiwezekani. Papa Mukwe padri hakumupenda, lakini alimuogopa. Tukabaki hivyo, mimi si muke wa mutu wala si musichana, nakula maharagwe ya watu.

Ndipo padri akatangaza kanisani kwamba masera, wale watawa wa kike, wanafungua masomo ya wanawake wakubwa pale mujini Goma: wajane, na wasichana waliopitwa na umri wa kusoma na watoto. Miaka miwili. Mwaka wa kwanza wote pamoja, mwaka wa pili kila mutu anaingia seksio yake: kufundisha watoto wadogo, kuzalisha akina mama, au kushona. Nikamuomba Mama Mukwe apeleke neno. Nilijua Papa Mukwe atakataa, nilishatayarisha na machozi.

Alivuta kiko mupaka tumbako ikaisha. Kisha akasema:

"Mwambie aende. Nampa mwaka mumoja. Mwaka ukiisha, atasema mbele yangu anakuwa nani. Kama hajui, arudi Masisi kwa baba yake, na mutoto abaki hapa. Mutoto ni wetu."

Sikulia. Nilimuangalia binti yangu, alikuwa amepakata kuku, nikasema kwa Mama Mukwe: "Mwambie nimekubali." Ningekubali hata kama angeniambia nihamishe mulima.

Sasa nisikilizwe vizuri, kwa sababu watu hunisifu kwamba nilipenda masomo. Sikuyapenda. Niliingia masomo kwa sababu kuna kitu sikukitaka, si kwa sababu kuna kitu nilikitaka, na tofauti yake niliiona siku ya kwanza tu. Nilikaa benchi moja na musichana ambaye ningeweza kumuita mudogo wangu wa mwisho. Alisema yeye tangu utoto alijua atakuwa mwalimu, akaniuliza: "Na weye, mama?" Mama, aliniita. Nikasema bado naangalia. Akanionea huruma, nikaona, na nikamuchukia mwezi muzima bure.

Maana kwangu kila siku ilikuwa na moyo wake. Asubuhi tukifundishwa kusomesha watoto herufi, najiona mwalimu. Muchana mutoto mumoja ananitemea mate, nasema hapana, mimi na watoto wa watu, hapana. Kushona, mukono wangu ulikuwa muzuri, masera walisema hivyo, lakini roho ililala kabisa juu ya kitambaa. Kuzalisha, walitupeleka kuangalia, nikaona damu, nikatoka nje kutapika nyuma ya jiko la masera. Nikamuuliza masera mumoja nifanye nini. Akasema sali. Nikasali. Nikamuuliza padri, akasema uliza masera. Nikamuuliza Mama Mukwe, akaangalia mulangoni, akapeleka swali.

"Mwambie mimi baba yangu alinipa fimbo akanionyesha ng'ombe," Papa Mukwe akajibu. "Nani aliniuliza nataka nini?"

Hilo ndilo lililoniumiza zaidi ya yote. Mutu ambaye maishani mwake hajaulizwa hata mara moja, ndiye aliyeshika mutoto wangu mukononi akisubiri jibu.

Afadhali angesubiri kimya. Lakini yeye kila Jumapili baada ya misa alisimama nje ya kanisa na wazee wenzake, na wakimuuliza yule muke wa marehemu anasomea nini, kusema "sijui" ilikuwa aibu. Basi alisema chochote kilichomupanda. Kwa katekista alisema nitakuwa mwalimu. Kwa mununuzi wa ngozi alisema mimi ni wa dawa, natoboa watu sindano. Kwa jirani yetu wa mawe ya juu alisema nashona mavazi ya mapadri, hata ya askofu.

Watu wakaanza kuja. Mimi narudi kutoka mujini miguu imepasuka, nakuta muzee wa watu kakaa ananisubiri, anafunua muguu wenye kidonda, anasema leta sindano. Nikisema sina sindano, Papa Mukwe anakohoa kutoka ndani: "Mwambie asione haya, huyo ni kama baba yake." Mwingine akaleta suruali yenye tundu matakoni, akaiacha, akaenda zake. Niliishona, nifanyeje. Halafu akaja muke mumoja na watoto wake, amewaogesha, amewapaka mafuta, anataka niwafundishe kusoma kabla giza halijaingia, maana amesikia kwamba inachukua muda kidogo tu. Siku ile nilikaa juu ya jiwe nikacheka, kisha nikalia, na wale watoto wananiangalia. Mimi mwenyewe sijui mimi ni nani, na yeye ameshanigawa kwa watu wote kama nyama ya sherehe.

Nikamuomba Mama Mukwe amukataze. Mama Mukwe alicheka, nadra sana yeye kucheka. Akasema: "Anajivuna. Muache." Nikasema anajivuna na nini, na kitu hakipo? Akasema: "Ee, njo vile iko, ndivyo alivyo."

Na kweli alikuwa mutu wa hivyo, mikono miwili na kila mukono unavuta upande wake. Sokoni nilisikia kwa masikio yangu akisema masomo yanaharibu wanawake, muke akishajua kuandika hawezi tena kuinama kwenye shamba. Lakini kila asubuhi kabla jogoo hajawika alikuwa anapiga ukuta wa chumba changu kwa fimbo, pa, pa, nisichelewe. Wakati wa masika, njia ya kushuka kwenda mujini mawe huteleza na kubingirika, na mwenzangu mumoja aliteguka hapo. Siku moja muke anayeuza maziwa aliniambia, huyo muzee wenu ana nini, kila alfajiri anakuwa njiani anatupa mawe kando. Nikashangaa. Nikapeleka shukrani kwa njia yetu ileile.

"Mwambie nilikuwa natengenezea ng'ombe njia," akasema.

Munigi hatukuwa na ng'ombe hata mumoja.

Kwa mujukuu wake alikuwa mutu mwingine kabisa. Alimubeba shingoni, koti na vifungo vyote, akizunguka naye kwenye mawe na kumufundisha majina ya ng'ombe wa Masisi, mumoja mumoja, na rangi zao, na nani mama ya nani. Mutoto hakuwahi kuwaona, lakini aliwataja wote kama sala. Alikuwa na pua ya baba yake. Jioni Papa Mukwe alimushika pua ile kwa vidole viwili, na sisi wote tuliokuwepo tulijua anamuwaza nani. Wakati kama huo nilisahau kumukasirikia. Halafu mutoto akilala, anauliza tena: "Mwambie, mwaka unaenda. Ameshajua?"

Sikuwa nimejua. Nilikonda. Nilikuwa naamka na mikono imekunja shuka, naota nimesimama Masisi kwa baba yangu na mutoto hayuko.

Kisha, mwaka ukiwa unaisha, walitupeleka tena kwenye nyumba ya kuzalia. Walimuleta mwanamuke kutoka Kibati kwenye machela, mutoto wake ametanguliza miguu. Mukunga alinifokea nishike bega lake, nikashika. Yule mama akanikamata mukono mupaka kucha zikaingia, na akaniangalia mimi, si mukunga, mimi, kama vile mimi ndiye niliyejua kitu. Sikujua kitu. Lakini sikutoka nje. Damu niliiona yote, na tumbo langu lilitulia. Mutoto alipolia, nilikuta nami nasema peke yangu, nasema huyu hapa, huyu hapa. Nilipanda Munigi jioni ile na alama za kucha mukononi, naimba njiani mutu muzima. Nilijua. Mwaka muzima wa mateso, na kujua kwenyewe kulikuja bila kelele, kama njaa inavyokuja.

Sikumuambia mutu. Hata Mama Mukwe. Nilitaka Papa Mukwe alisikie neno lile mbele ya watu, siku yenyewe, litoke mudomoni mwangu likiwa zima, bila kupitia kwa mutu yeyote.

Siku ya kugawa seksio masera waliwaita wakubwa wa nyumba zetu. Chumba kilijaa wazee na kofia zao magotini. Papa Mukwe alikaa benchi ya mbele, koti limefungwa. Kwenye meza alikaa masera mukubwa, mupya, aliyetoka Bulaya mwaka ule, na Kiswahili chake alikuwa amekisoma vizuri kwenye kitabu. Alieleza kwamba kila mwanafunzi atasimama mbele, na kwa sauti ya kusikika atasema jina lake, jina la mukubwa wa nyumba yake, na kazi anayoichagua. Majina yote alikuwa nayo, alisema. Alitaka kupima kama tunaweza kusimama mbele ya watu na kusema.

Wasichana wakasimama, wakataja baba zao, wakataja kazi zao, wakakaa. Yule wa benchi yangu akasema mwalimu, kwa sauti kama kengele. Mimi nikasimama. Nikataja jina langu.

"Na mukubwa wa nyumba yako?"

"Yuko hapa, Masera. Ni Papa Mukwe."

"Jina lake."

Nikasema: "Masera, yuko hapa. Umuulize."

"Nakuuliza wewe. Kila mwanafunzi anajibu mwenyewe."

Wale wasichana baba zao waliwataja vizuri, baba yako mwenyewe hana mwiko. Mujane aliyekuja na baba wa bwana yake nilikuwa mimi peke yangu siku ile. Nyuma yangu nikasikia wazee wanakohoa, wao walielewa. Lakini nani atamukatiza masera? Nikageuka, nikamuangalia Papa Mukwe, kitu ambacho sijawahi kufanya, nikamuangalia usoni kabisa. Neno moja tu lake lingetosha. Aseme "mimi ni fulani", tuendelee, nifike kwenye neno langu. Yeye alikuwa anaangalia kichwa cha fimbo yake.

"Nasubiri," akasema masera.

Ningesema? Nimejiuliza mara nyingi. Mudomo wangu ulikuwa haufunguki kwa jina lile. Si kwamba nilikataa. Kukataa ni kitu unachokifanya. Mimi sikuwa na kitu cha kufungulia. Na kulitamka pale, mbele yake, mbele ya wazee wote wa Munigi, ilikuwa sawa na kumuvua nguo. Halafu jioni nirudi naye nyumbani nimuombe mutoto? Nilisimama. Mara mbili nilifungua mudomo nianze na lile neno langu, kuzalisha, nilisema, na masera akaninyamazisha kwa mukono: kwanza jina.

Mwisho alitikisa kichwa. Hakuwa mutu mubaya, nadhani alikuwa amechoka. Akasema mutu asiyeweza kutaja jina la mukubwa wa nyumba yake hawezi kusimama mbele ya darasa, wala mbele ya mugonjwa. "Tutakuweka kushona. Kule hakuna kusema sana." Akaandika. Akamuita mwingine.

Njia yote ya kupanda sikuona mawe. Papa Mukwe alinitangulia. Tulipofika hakukaa hata chini, alisimama katikati ya kiwanja, akasema kwa sauti ambayo jirani wa mawe ya juu aliisikia:

"Mwambie yule, leo amenipa heshima mbele ya Wazungu na mbele ya wazee. Mutoto ni wake. Akae na mutoto wake popote, nani atamuuliza tena."

Mama Mukwe alipiga vigelegele. Binti yangu akanirukia. Nikamukumbatia, na nilifurahi, Mungu anajua nilivyofurahi, na ndani ya furaha ileile nilikuwa na hasira iliyotaka kunipasua. Nilichokuwa nimeahidiana naye ni kusema mimi ni nani. Sikusema. Alinipa mutoto kwa sababu nilinyamaza, na kile nilichotafuta mwaka muzima nikakipata, hakuna mutu aliyekiuliza.

Tangu siku ile nikawa mufano. Bibi arusi wakifundwa Munigi walitajiwa mimi, yule aliyesimama mbele ya masera akafunga mudomo. Wanawake walinisalimia kwa mikono miwili. Kila sifa iliniingia kama mwiba. Nilijaribu kumurudia masera mukubwa, akaniambia kwa upole kwamba nafasi za kuzalisha zimejaa. Nikashona. Nilimaliza mwaka wa pili, nikapata kazi ya kushona kwenye baraza la duka la Mugiriki mumoja mujini, baadaye nikanunua mashine yangu, nikapanga nyumba ndogo karibu na soko, mimi na binti yangu. Wenzangu wa kuzalisha walipita na aproni zao nyeupe, wengine walitumwa Bukavu, wengine mbali zaidi. Aproni zile niliwashonea mimi. Nilikuwa nashona vizuri, na sikuwahi kushona siku hata moja bila kufikiria kitu kingine.

Papa Mukwe nilimuona sikukuu na misiba. Mama Mukwe alipokufa tulikaa matanga pamoja, na ikawa ajabu: hakuwa tena na mutu wa kupitishia maneno, basi akawa hasemi kabisa.

Mara ya mwisho niliyokaa naye kwa muda murefu, alikuja mwenyewe nyumbani kwangu. Ilikuwa muchana wa jua, na mimi nilikuwa naharakisha sare ya binti yangu. Alikuwa amekua, anazidi bega langu, na masera walimuchagua aende kusoma Bukavu, alale huko, arudi wakati wa likizo. Meli ilikuwa inaondoka juma lile. Binti mwenyewe alikuwa amekwenda kuaga wenzake. Nikasikia fimbo kwenye mawe ya mulangoni, nikainua macho, ni yeye, koti limefungwa mupaka shingoni, amezeeka, ameshuka kwa miguu kutoka Munigi.

Nikampa kiti. Nikampa maji, hakuyanywa. Akaiangalia mashine. Kisha akasema na mimi, na mimi mwenyewe, bila mutu katikati:

"Nimesikia mutoto anaenda."

"Anaenda, Papa."

"Bukavu ni mbali."

"Ni mbali."

Nikadhani amemaliza, nikashika kitambaa tena. Ndipo akasema:

"Siku ile kwa masera, ningeweza kusema jina langu mimi mwenyewe."

Mukono wangu ulisimama juu ya gurudumu.

"Ningeweza," akasema. "Mudomo nilikuwa nao. Nilisikia ulivyoanza, kuzalisha. Wale wa kuzalisha nilijua wanatumwa mbali, wa kushona wanabaki hapa. Ungetumwa, ungeenda na mutoto. Mimi mwana wangu amekufa, nilikuwa nimebakiza ile pua tu. Nikaangalia fimbo."

Miaka yote ile nilifikiri tulikuwa wawili ndani ya desturi moja, mimi nimefungwa, na yeye amefungwa. Kumbe mimi peke yangu ndiye niliyefungwa. Na ile sifa aliyoipiga kiwanjani mupaka jirani akasikia, na yale maneno ya heshima, yote alinifunikia nayo.

"Juu ya nini, kwa sababu gani unaniambia leo?" nikamuuliza. Sauti yangu haikuwa ya muke wa mwana wake. Nilimuuliza kama ninavyomuuliza muteja aliyeharibu kitambaa changu.

"Juu ya mutoto. Na leo tena nakuomba. Umubakize. Mimi siku zangu si nyingi."

Hakuna siku nyingine aliyoniomba kitu. Uso wake ulikuwa umelegea, macho yana maji, muzee wa watu. Na mimi nilimuhurumia, nasema kweli, na nilimuchukia, vyote viwili kwa pamoja, na sikupata mahali pa kuviweka.

"Nilikuwa nimejua, Papa," nikasema. "Asubuhi ile nilikuwa nimejua mimi ni nani. Mwaka muzima nilikosa, nikapata, na weye ukaangalia fimbo."

Akainamisha kichwa. "Na yeye anaenda kusomea nini?"

"Hajui."

Akainua macho haraka. Alifikiri amepata mulango. "Hajui? Anaenda mbali vile, na hajui?"

"Hajui bado. Ataenda bila kujua."

"Na akijua, halafu asirudi?"

Swali lile nilikuwa nimejiuliza usiku mwingi, maana nami sina mwingine. Nilitaka kumuambia neno la kumutuliza, yeye na mimi wote.

"Basi hatarudi," nikasema.

Sare ilikuwa imebakiza mukono mumoja. Niliusogeza chini ya sindano, nikakanyaga mashine. Yeye hakuondoka. Alikaa pale kwenye kiti, mikono juu ya fimbo, akiniangalia nikishona mupaka nikakata uzi.